Mbwa Aliyeongezeka

"Hebu tuanze upya, Ludie. Wamekuibia nini?"

"Hawajaniibia kitu. Wameniongezea."

Renetta Goolsby aliweka chini kikombe chake cha kahawa. Kwa miaka yote aliyopeleleza kesi za wanyama katika kaunti ya Harlow alikuwa ameshafuatilia mbuzi walioibwa, kasuku walioibwa, hata bata mzinga mmoja aliyeibwa mkesha wa sikukuu na kupatikana akiwa ndani ya oveni. Lakini mtu wa kulalamika kwamba mali imezidi hakuwa amekutana naye bado.

"Wamekuongezea mbwa," alisema.

"Mbwa. Pitbuli. Tena wa kijivu! Kana kwamba nilikuwa nimepungukiwa na pitbuli wa kijivu."

Ludie Pettway, msimamizi wa kituo cha mbwa cha kaunti, alikuwa mwanamke wa kimo kifupi na sauti ndefu, na hapo hakuwa anatia chumvi. Ukipita kwenye korido yake kutoka mlango wa mbele hadi wa nyuma, kulia ni vichwa vipana vya pitbuli, kushoto ni vichwa vipana vya pitbuli, na katikati yao kijibwa kimoja cha manyoya marefu ambacho familia tatu zilikuwa zimeshaanza kukigombania. Wenye nyumba za kupangisha hawawataki pitbuli, wanawadhani wakali. Kampuni za bima haziwataki. Watu wakihama, kochi linapanda gari na mbwa anabaki uani. Basi wanaletwa kwa Ludie, na wanakuja kama kodi ya nyumba, bila kukosa.

"Nani alimwona kwanza?"

"Mimi, Jumatatu asubuhi. Jumamosi ilikuwa siku yetu ya milango wazi, unakumbuka, ulikuwepo. Watu, muziki, soseji, kila mbwa kavalishwa kitambaa chake cha rangi ya chungwa shingoni. Mbwa wa banda la mwisho akachukuliwa na familia moja nzuri sana. Nikaliacha lile banda tupu makusudi. Jumatatu nafungua, namkuta bwana mkubwa huyu kajilaza humo, ananitazama kana kwamba mimi ndiye nimechelewa kazini."

"Na Jumapili?"

"Jumapili huja mtu mmoja tu wa kujitolea, kulisha na kusafisha. Alikuta mbwa bandani, akampa chakula. Angejuaje?"

Kweli, angejuaje. Renetta alichukua kifaa cha kusomea chipu, akakipitisha juu ya mabega ya yule mbwa, mara moja, mara mbili. Kimya. Mbwa wote wa Ludie walikuwa na chipu ya utambulisho chini ya ngozi, ndogo kama punje ya mchele. Huyu hakuwa nayo. Alikuwa mgeni kabisa, na kwa kuwa hawakuwa na jina lingine la kumpa, walikuwa wakimwita hivyo hivyo, Mgeni.

"Sasa Ludie, ulikuwa unalitunzia nani hilo banda tupu?"

Ludie aligeuka. Alitazama banda lililokuwa karibu kabisa na ofisi yake. Humo alilala jike la pitbuli, mzee, wa michirizi ya kahawia na nyeusi, sikio moja limesimama na jingine limekata tamaa. Pearlie. Alikuwa amekaa kituoni kuliko mbwa mwingine yeyote. Binadamu aliwapenda wote, hata mkaguzi wa afya, lakini mbwa wenzake hakutaka hata kuwasikia, kwa hiyo kumchanganya na mwingine banda moja haikuwezekana.

"Nilikuwa nimeshamwambia amepona," Ludie alisema, na ile sauti yake ndefu ikawa fupi. "Ukiwa na banda moja tupu Ijumaa, daktari anayekuja na sindano ya mwisho anakunywa kahawa anarudi zake. Usipokuwa nalo, anayeondoka ni aliyekaa muda mrefu kuliko wote. Ndiyo kanuni. Na huyu Mgeni siwezi kumgusa. Sheria inamlinda mbwa asiyejulikana mwenyewe mpaka muda wake uishe. Kaja juzi, kalindwa. Pearlie ametuamkia kila asubuhi, hana wa kumtetea."

"Kesho ndiyo Ijumaa."

"Kesho saa kumi na moja jioni."

Kumbe ndiyo hivyo. Renetta alimaliza kahawa yake kwa funda moja. Akimpata mwenye Mgeni, banda linabaki wazi na Pearlie anaishi. Asipompata, basi.

Askari Hank Brasher wa ofisi ya sherifu alikuwa ameshafika kabla yake na kumaliza upelelezi wake wote akiwa amesimama. Alimwongoza Renetta mpaka mlango wa nyuma, akaonyesha kitasa.

"Tazama hapa. Kimechokonolewa. Wameingia usiku kwa nyuma."

"Kitasa hicho kimekuwa hivyo tangu Pasaka," Ludie alisema.

Brasher hakukubali kuvunjika moyo. Alirudi kwa Mgeni, akaelekeza kidole kwenye pua yake. "Na kovu hilo je? Huyu ni mbwa wa mapambano. Wachezesha mbwa wamemchoka, wamemtupa hapa. Niachieni mimi. Nawajua wale jamaa wa kule kwenye mabwawa, nitawapitia mmoja mmoja."

"Kaka Hank," Renetta alisema, "ingia humu uchuchumae."

"Nini?"

"Chuchumaa. Wewe si umesema ni mbwa wa mapambano? Nataka nione."

Brasher aliingia kwa heshima zote anazopewa mbwa wa mapambano, akachuchumaa karibu na mlango. Mgeni aliinuka, akamzunguka taratibu, akamnusa kisogo kwa makini, halafu akakaa nyuma yake na kuweka kidevu begani mwake.

"Ananifanya nini?" Brasher aliuliza bila kugeuka.

"Sijui bado. Lakini mapambano siyo."

Renetta alipiga magoti, akaanza kazi yake kutoka chini kwenda juu, kama alivyozoea. Kucha: zilikuwa zimekatwa, na si kukatwa tu, zilikuwa zimepigwa tupa mpaka zikalainika kama za bibi harusi. Meno: safi. Masikio: mazima, na wachezesha mbwa aghalabu huyakata. Kovu la puani lilikuwa mstari mmoja mwembamba, wa zamani, kazi ya paka mwenye hasira. Aliinamisha uso kwenye shingo ya mbwa akanusa. Chini ya harufu ya dawa ya kusafishia mabanda kulikuwa na harufu nyingine, tamu, kavu.

"Poda," alisema.

"Poda ya nini?" Ludie aliuliza.

"Poda ya kawaida ya mwilini. Nani kamvalisha kitambaa hiki?"

"Sisi. Si cha Jumamosi hicho? Vimebaki vingi, watu wa kujitolea wanawavalisha tu."

"Nipe kimoja chenu."

Ludie alichomoa kitambaa kwenye sanduku. Renetta aliviweka viwili magotini. Rangi ilikuwa moja, chungwa lile lile. Lakini vya kituo vilikuwa vya pamba, vimepindwa kwa cherehani na kina mama wa kanisani kwa Ludie. Cha Mgeni kilikuwa cha nailoni inayoteleza, kimekatwa kwa mkasi, mkasi mkali na mkono usiotetemeka, wala hakikupindwa pembeni. Kwenye ncha yake moja kulikuwa na kifungo cha kubonyeza, kimeachwa kwenye kitambaa kisicho na haja ya kifungo. Akakunjua lile fundo la shingoni. Ndani ya mkunjo kulikuwa na vinywele vifupi vifupi. Vingine vyeusi, vingine vyeupe, na vichache vyekundu.

"Mbwa ni wa kijivu," Brasher alisema polepole.

"Ahsante, kaka Hank. Hilo nalo ni jambo."

Hapo hapo, kwenye chumba cha kuoshea mbwa, mtu aliwasha mashine ya kunyolea. Walikuwa wameleta mbwa mmoja aliyegandamana manyoya, na mlio ule uliposikika korido nzima ililipuka. Kila pitbuli wa Ludie alibweka kana kwamba amedhulumiwa yeye binafsi. Mmoja tu hakubweka. Mgeni alishusha pumzi ndefu, akaanguka ubavu, akafumba macho.

"Zima!" Renetta alipaza sauti.

Mashine ikazimwa. Mgeni akafumbua jicho moja, akainua kichwa, akatazama huku na huku.

"Washa!"

Ikawashwa. Kichwa kikarudi chini. Safari hii alikoroma.

"Zima tena."

"Sasa unamtesa," Ludie alisema.

Renetta alikuwa anacheka. Alikunja kile kitambaa cha nailoni akakitia mfukoni. "Hiki ni kipande cha shuka la kinyozi, lile la kumfunga mtu shingoni. Mbwa huyu amelelewa chini ya kiti cha kunyolea. Ndiyo maana alikunusa kisogo, kaka Hank. Alikuwa anakagua nywele zako, na nadhani hakuridhika."

Brasher alijishika kisogo. "Haya, mwenyewe ni kinyozi. Kaingiaje usiku bila kuvunja mlango?"

"Hakuingia usiku. Fikiri. Mtu anayekuja usiku, pasipo mtu wa kumwona, atamvalisha mbwa kitambaa cha nini? Kitambaa ni cha kuonwa. Amekitengeneza ili kifanane na vya Ludie. Alikuja Jumamosi, mchana kweupe, kupitia mlango wa mbele, akiwa na pitbuli wa kijivu mwenye kitambaa cha chungwa, ndani ya jumba lililojaa pitbuli wa kijivu wenye vitambaa vya chungwa. Nani angemuuliza? Alitembea mpaka akakuta banda tupu, akamwingiza mbwa wake, akafunga, akaenda zake."

"Mlango wa mbele Jumamosi ulikuwa unajifunga wenyewe," Ludie alisema. "Huingii mpaka mtu wa ndani akufungulie. Nani alimfungulia?"

Renetta aliutazama ule mlango. Jumamosi. Alikuwa amebeba beseni la barafu ya soda, anatoka nje. Alikuwa ameusukuma mlango kwa nyonga. Mzee mmoja mrefu, kofia ya kijivu, mbwa wa kijivu. "Pita, baba, pita kabla barafu haijayeyuka." Naye mzee akagusa kofia, akasema, "Mungu akuweke, binti."

"Mimi," alisema. "Nilimfungulia mimi."

Ludie na Brasher walitazamana. Walijitahidi wasicheke, lazima isemwe, lakini hawakufika mbali. Ludie alicheka mpaka akaishika nguzo.

Mjini kulikuwa na vinyozi watatu. Wa mtaa wa Pine alikuwa na mashuka meusi. Wa karibu na kituo cha mafuta alitumia ya karatasi, akitupa. Wa tatu alikuwa Lucius Tarpley, kando ya reli, na kwake kila kitu kilikuwa cha rangi ya chungwa kwa sababu ndiyo rangi ya timu ya shule ya sekondari, na Tarpley alikuwa amewanyoa wachezaji, makocha, na baba zao. Dirishani pake lilikuwa limebandikwa tangazo la Ludie la siku ya milango wazi, na kwenye picha mbwa akitabasamu na kitambaa shingoni. Renetta alilisoma mchana ule wa Alhamisi, akasukuma mlango.

Mzee mrefu alikuwa nyuma ya kiti cha kwanza, anamnyoa Corvin Mapp, fundi wa magari. Kofia ya kijivu ilining'inia ukutani. Kwenye benchi alikaa mzee Thaddeus Wimbush, kipara chake kinang'aa.

"Karibu, binti," Tarpley alisema, kisha akamtambua, na mkono wake ukapunguza mwendo.

"Sina haraka. Namsubiri aliyetangulia."

"Nani, Wimbush? Huyo haji kunyoa. Nywele zake zilishamuaga zamani."

"Nakuja kuangalia usimharibu mtu," Wimbush alisema. Aliinuka kwenda kuchukua gazeti kwenye meza ya pembeni. Alipofika mbele ya kiti aliinua mguu juu, akapiga hatua ndefu ya kuvuka, akaendelea. Alipokuwa anarudi alifanya vile vile. Sakafuni palikuwa patupu.

Renetta alitazama. Mwanamume mmoja aliingia kumwachia Tarpley sahani ya kambare wa kukaanga iliyofunikwa. Akaipeleka kaunta, na mbele ya kiti naye akainua mguu, akavuka hewa. Pale walipovuka, sakafu ilikuwa imechujuka rangi, duara pana la ukubwa wa mbwa aliyejikunja.

"Mzee Tarpley," Renetta alisema, "mbwa wako yuko wapi?"

Mashine haikusimama. "Deacon? Yuko Macon. Kwa binti yangu."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumamosi."

"Umeongea na binti yako? Anakula?"

"Anakula vizuri sana."

"Vizuri." Renetta alitoa kile kitambaa mfukoni, akakitandaza juu ya kaunta kati ya brashi na chupa ya poda. "Mimi nina mwenzie huku, hali chakula vizuri hata kidogo. Analala tu akisikia mashine. Akiamka anatazama mlango."

Mashine ilizimwa. Nusu ya kichwa cha Corvin Mapp ilikuwa imenyolewa, nusu nyingine ilikuwa bado na matumaini.

"Mzee?" Corvin aliuliza kwa sauti ndogo. "Kuna nini?"

Tarpley alikikunja kitambaa, akakikunjua, akakikunja tena. "Nimepata chumba kwenye zile nyumba za wazee," alisema. "Magoti haya hayapandi ngazi tena. Chumba kizuri, cha chini. Lakini pitbuli hawataki. Paka sawa, kasuku sawa, pitbuli hapana. Nikapiga simu kituoni kwenu, wakaniambia pamejaa, nisubiri zamu. Na ufunguo ulikuwa unataka kuchukuliwa wiki hiyo hiyo. Nikawa nalitazama lile tangazo pale dirishani. Mbwa wana vitambaa, watoto wanawakumbatia. Nikajiambia, akishaingia tu ndani, kutoka ni rahisi. Atatoka na familia."

"Kutoka kuna milango miwili, mzee."

Akamweleza habari za Pearlie, bila kupamba na bila kupunguza: banda moja tupu, kanuni ya aliyekaa muda mrefu, daktari wa kesho jioni. Tarpley alisikiliza amesimama wima. Kisha akakaa kwenye kile kiti chake kingine, kitu ambacho hakuna mtu mle ndani aliyewahi kumwona akifanya saa za kazi.

"Sikujua," alisema. "Wallahi sikujua kama yupo atakayelipa."

"Ngoja kwanza!" Corvin alijipindua kitini, shuka likimzunguka. "Ulituambia Macon. Ulituambia ana uwanja kule, ana watoto wa kucheza nao! Mimi kichwa changu nimekukabidhi tangu sijaota ndevu. Nilipoachwa na mke nililia kwenye kiti hiki hiki. Ukashindwa kuniambia, Corvin, nishikie mbwa?"

"Una mambo yako."

"Mambo gani? Nina nyumba, nina ua, nina televisheni naangalia peke yangu!"

"Yaani mzee mzima," Wimbush aliongeza kwa hasira, "unatusikiliza sisi kila siku, gauti yangu, mke wa huyu, mikopo ya yule, halafu lako unaliingiza kinyemela? Unatuona sisi watu gani?"

"Wewe Deacon hukumpenda. Kila siku mnagombania hiyo benchi."

"Nani kasema sikumpenda? Nimesema alikuwa anachukua nafasi!"

Wakaropoka wote kwa pamoja, na Renetta akawaacha waropoke, maana ushahidi wote alikuwa ameshaupata na sasa alikuwa anaufurahia tu. Ilipotulia, jambo lenyewe lilikuwa jepesi hadi wakaona aibu. Nyumba za wazee zilikataa mbwa alale kule. Hakuna aliyesema asishinde kinyozini kama alivyozoea. Kilichotakiwa ni mahali pa kulala usiku. Wimbush alitaka awe yeye. Corvin alitaka awe yeye. Walichomoa njiti za kiberiti mkononi mwa Tarpley, na Corvin akashinda, na nusu ya kichwa chake ikang'aa kwa furaha.

Wimbush alirudi kwenye benchi, amenuna. Baada ya kitambo alimgeukia Renetta.

"Huyo mbwa wenu ajuza. Anaumwa magoti?"

"Asubuhi. Akishatembea kidogo yanalainika."

"Hm," mzee alisema, akafungua gazeti, akalishika juu chini.

Ijumaa asubuhi Tarpley alifika kituoni amevaa tai. Deacon alipomwona hakubweka. Alilia kama mtu, akajitupa miguuni pake, akalala palepale juu ya viatu vyake. Ludie, aliyekuwa ameandaa maneno makali tangu alfajiri, alijikuta anamkuna Deacon masikio. Alimpa adhabu yake aliyoibuni papo hapo: Jumatatu duka likifungwa, Tarpley aje akate kucha za kituo kizima, na azipige tupa. Renetta alimtilia Deacon chipu, akaisoma ikalia, na wale wawili wakaondoka. Banda la mwisho likabaki tupu.

Ludie aliufungua mlango wa banda lile, akaufunga, akaufungua tena, kwa raha tu. Akampelekea Pearlie kipande cha soseji. Wakala mchana wao ofisini wakicheka habari ya barafu ya soda.

Alasiri lori la Brasher liliingia uani. Alishuka polepole, bila kuwatazama. Nyuma alikuwa na mbwa aliyemwokota kando ya barabara kuu, mbavu nje, kamba imekatika shingoni. Pitbuli. Wa kijivu.

"Nimezunguka naye saa nzima," Brasher alisema. "Nimejaribu kila mtu ninayemjua. Mke wangu ndiye wa kwanza. Samahani, Ludie."

Hakuna aliyemlaumu. Ludie alimchukua yule mbwa, akamwosha, akampa chakula, akamwingiza kwenye banda la mwisho, maana ndiyo kazi yake. Kisha aliingia ofisini, akaketi. Renetta aliingia kwa Pearlie, akakaa sakafuni. Kesi alikuwa ameimaliza, mhalifu alikuwa amempata, na bado mambo yalikuwa yamerudi palepale, na hilo lilimuuma kuliko kesi yoyote aliyoshindwa. Pearlie alimlazia kichwa pajani. Nje, gari la daktari lilisimama.

Mlango wa mbele uligongwa. Daktari hana tabia ya kugonga.

Renetta alikwenda kufungua. Thaddeus Wimbush alikuwa amesimama pale, kofia mkononi, na nyuma yake daktari, amempa mzee nafasi ya kwanza.

"Nimekuja kwa ajili ya mambo yangu mengine," Wimbush alisema. "Nilikuwa napita."

"Kituo kiko mwisho wa barabara, mzee. Hakuna anayepita."

"Basi mimi napita! Yuko wapi huyo?"

Alisimama mbele ya banda akamtazama Pearlie, na Pearlie akamtazama. Ludie alitokea mlangoni mwa ofisi akashika fremu kwa mikono miwili. Pearlie aliinuka kwa awamu, mbele kwanza, halafu nyuma, akajongea, akajiegemeza kwenye ule wavu kwa uzito wake wote, mkabala na goti la mzee.

"Anakoroma?" Wimbush aliuliza.

"Kama trekta," Ludie alisema.

"Mimi pia. Mbwa wengine hawapendi, sivyo? Sina mbwa wengine. Sina mtu mwingine yeyote. Nyumba ni yangu, sipangi kwa mtu. Nikienda kinyozini atabaki nyumbani, maana Deacon yuko kule, na sitaki ugomvi juu ya benchi." Akakohoa. "Mbona mnanitazama? Fungueni."

Ludie alifungua. Daktari alivua koti lake akalitundika, akauliza kama kahawa bado ipo.

Ludie alimfunga Pearlie kitambaa cha chungwa shingoni, kile cha pamba, cha kina mama wa kanisani, akachukua muda mrefu kupita kiasi kulitengeneza fundo. Wakatembea kwenda mlangoni kwa mwendo mmoja, mzee na mbwa, wote wakichechemea. Renetta aliwatangulia, akausukuma mlango kwa nyonga. Kisha akanyoosha mkono, akawazuia.

"Ngoja kwanza, mzee. Siku hizi hapiti mtu hapa bila kukaguliwa." Alipitisha kifaa juu ya mabega ya Pearlie. Kikalia. "Haya. Ni wetu."

"Alikuwa wenu," Wimbush alisema, akatoka naye.

Renetta aliushikilia mlango wazi mpaka gari kuukuu la mzee lilipowaka na kuanza kuondoka, sikio moja limesimama dirishani, huku Ludie akimpigia kelele kwa sauti ndefu, akilia na kucheka, afunge mlango kabla baridi yote ya kiyoyozi haijaisha.